Jeraha la moto: kigaga cheusi si kila mara dalili ya kupona

Siku ya tano au ya sita baada ya mtoto kumwagikiwa na maji ya moto, mambo nyumbani huanza kutulia. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye jeraha yamekauka. Sehemu iliyoungua imekuwa ngumu, rangi yake kahawia au nyeusi, na mtoto akiguswa pale halii tena. Majirani wanaokuja kuuliza hali wanatazama na kusema imekauka, Mungu asifiwe, sasa anapona. Safari ya hospitali inaahirishwa, na pesa ya pikipiki inanunua unga.

Kwa madaktari wanaotibu majeraha ya moto, hiyo ngozi ngumu isiyouma ndiyo inayotia wasiwasi, kuliko jeraha jekundu lenye maji linalomfanya mtoto apige kelele akisogezewa mkono. Maumivu yanaonyesha kwamba mishipa ya fahamu bado iko hai. Pale ambapo mtoto hasikii kitu, mara nyingi mishipa hiyo imekufa pamoja na ngozi yote.

Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia, familia nyingi zinapika kwa makala. Mbabula iko chini, nje ya mlango au katikati ya chumba, kwenye kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Maharagi yanakaa motoni masaa mengi, na sufuria ya maji ya kuoga inafuata. Kuna mafuta ya kukaangia maandazi, kuna uji wa asubuhi ambao ni mbaya kuliko maji kwa sababu unanata kwenye ngozi na hautiririki. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kuwa majeraha ya moto yanaua watu 180,000 hivi kila mwaka duniani, karibu wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hesabu hiyo haihusu wale wanaobaki hai na mkono uliojikunja.

Jina linalotoka kwenye mbabula

Katika hospitali zetu, zinazofuata Kifaransa, ngozi hiyo iliyokufa inaitwa eskari. Asili ya neno ni Kigiriki cha zamani, eskhara, maana yake jiko au chombo cha kuwekea makaa. Kwa lugha ya Kivu tungesema mbabula. Waganga wa kale waliona kile kipande cheusi juu ya mwili wa mtu aliyeungua, wakakiita kwa jina la kitu kinachounguza. Familia isishangae pia kulisikia neno hilo kwa mgonjwa ambaye hakuungua kabisa, maana hutumika hata kwa vidonda vya wazee waliolala kitandani muda mrefu bila kugeuzwa. Huko nako ni ngozi iliyokufa.

Watu wengi wanachanganya eskari na kigaga cha kawaida, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kigaga anachopata mtoto akianguka barabarani ni kitu kilichotoka ndani ya mwili kikakauka juu: damu, maji ya kidonda, nyuzi zinazogandisha damu. Ni kifuniko. Chini yake ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni, na kazi ikiisha kifuniko kinaanguka chenyewe. Hata jeraha la moto lisilo na kina linaweza kufanya kigaga cha aina hiyo, jembamba, na likapona vizuri ndani ya wiki mbili.

Eskari haikutoka popote. Ni ngozi yenyewe, iliyopikwa pale pale ilipokuwa. Joto limegandisha protini zake kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Damu haipiti tena ndani yake, kwa hiyo haiwezi kujitengeneza wala kujilinda. Chini yake hakuna ngozi mpya inayojiandaa, kwa sababu mbegu za ngozi, zile zinazobaki kwenye mashina ya nywele na tezi za jasho, nazo zimeungua. Jeraha la namna hiyo linaweza kufungika kutoka pembeni tu, polepole sana, na kama ni kubwa halifungiki.

Rangi inadanganya. Siku ya kwanza eskari inaweza kuwa nyeupe kama nta, au ya kijivu, na baadaye ndiyo inakuwa kahawia, kisha nyeusi. Ukiigusa ni kavu na ngumu, kama ngozi ya ngoma. Pengine mishipa midogo ya damu inaonekana ndani yake kama nyuzi nyeusi zilizoganda. Kwa upande mwingine, jeraha linaloogopesha macho linaweza kuwa lile jepesi. Rangi yetu nyeusi yote imo katika tabaka jembamba la juu, na likibanduka panabaki pekundu au pa waridi, penye maji, panapouma vikali. Mzazi anashtuka kuona mtoto amekuwa mwekundu. Lakini ukibonyeza pale kwa kidole, rangi inaondoka kisha inarudi, maana yake damu inapita. Kwenye eskari ukibonyeza hakuna kinachobadilika.

Nini kinaamua kama ngozi itakufa yote au tabaka la juu tu? Joto, na muda. Maji ya digrii 60 yanahitaji sekunde 5 hivi kumuunguza mtu mzima kwa kina, na yakifika 70 sekunde moja inatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo anahitaji muda mfupi zaidi. (Sisi wa Goma na Bukavu tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji kwetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Maharagi yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, lakini mtoto haponi kwa tofauti ya digrii tano.)

Kuna watu wawili ambao karibu kila mara wanapata eskari. Wa kwanza ni mgonjwa wa kifafa aliyeangukia moto, kwa sababu hawezi kujiondoa, na kwa sababu wapo bado wanaoamini kwamba ukimgusa wakati wa kifafa nawe utakipata. Hakiambukizwi kwa kugusa, na kila sekunde anayoachwa kwenye makaa inaongeza kina cha jeraha. Wa pili ni yule aliyeshikwa na umeme. Yeye anaweza kuwa na kidoa cheusi kidogo kwenye kiganja, kama sarafu, lakini nyama ya ndani ya mkono imepikwa. Katika mitaa yenye nyaya zilizounganishwa ovyo, kidoa hicho kisidharauliwe.

Pembeni ya ngozi iliyokufa

Mwaka 1953 daktari mpasuaji Mwingereza Douglas Jackson, wa mji wa Birmingham, alieleza jambo ambalo bado linafundishwa katika vyuo vyote vya udaktari. Alisema jeraha la moto lina maeneo matatu. Katikati ni ngozi iliyokwisha kufa. Pembeni kabisa ni ngozi nyekundu tu, itapona. Lakini katikati ya hayo mawili kuna eneo ambalo halijaamua: damu inapita kwa shida, na ndani ya siku moja au mbili eneo hilo linaweza kurudi kwa walio hai au kuongezeka kwenye walio wafu. Ndiyo sababu jeraha lililoonekana dogo jioni linakuwa kubwa kesho kutwa. Halikupanuka kwa uchawi wala kwa jicho baya la mtu, ila eneo lile la katikati limeshindwa.

Kinachoweza kuliokoa kiko mikononi mwa familia katika saa za kwanza, nacho ni maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yamwagwe juu ya jeraha dakika 20. Hata kama saa mbili au tatu zimepita, bado yana faida. Najua jibu la wasomaji wa Goma: dakika 20 za maji ya kutiririka tuyapate wapi, wakati bidoni moja ya lita 20 inanunuliwa na kubebwa kutoka mbali? Bidoni hiyo moja inatosha. Weka beseni chini, mwaga kwa kikombe polepole, na kama maji yanakwisha, chota tena yale ya beseni mradi ni safi. Mwili mwingine wa mtoto ufunikwe asipate baridi, hasa akiwa mdogo au jeraha likiwa kubwa. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi.

Dawa ya meno, mawese, yai bichi, majivu, udongo, kitunguu, chumvi, mafuta ya gari: hivyo vyote vinazuia joto kutoka, au vinaingiza vijidudu, na vinamlazimisha muuguzi kusugua jeraha ili alione. Kusugua huko kunamuumiza mtoto bure. Kinyesi cha ng'ombe kinaweza kuleta pepopunda.

Ngozi inapogeuka kamba

Jambo la haraka kuliko yote katika habari hii, na ambalo nje ya hospitali halizungumzwi, ni eskari inayozunguka. Mkono mzima, mguu mzima, shingo au kifua.

Mtu akiungua, mishipa yake ya damu inaanza kuvuja maji, na sehemu iliyoungua inavimba kwa siku moja mpaka mbili. Ngozi hai inanyooka kuupa uvimbe nafasi. Eskari hainyooki. Kama imeuzunguka mkono wote, inakuwa kama kamba iliyofungwa kwenye mkono huku mkono unaendelea kunenepa ndani yake. Kwanza damu ya kurudi inazuiwa, uvimbe unazidi, halafu hata damu ya kuingia haipiti. Vidole vinakuwa baridi, vinakufa ganzi au kuwashawasha, rangi ya kucha inabadilika, na ukibonyeza ukucha, wekundu unachelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili. Baada ya saa chache misuli inaanza kufa. Jeraha lilikuwa kwenye ngozi ya kiganja na mkono wa mbele; kitakachokatwa mwishoni ni mkono.

Kwenye kifua ni hatari zaidi. Mtoto anavuta pumzi lakini mbavu hazifunguki, kwa kuwa amevaa ganda lisilonyooka. Anahema haraka haraka, kwa pumzi fupi. Wazazi wanadhani ni homa ya mapafu.

Matibabu yake yanaogopesha kuyatazama. Daktari anachukua kisu na kuipasua eskari kwa urefu, kila upande wa mkono au mguu, kuanzia kwenye ngozi nzima ya juu mpaka nzima ya chini, kina chake mpaka kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kingo zinaachana zenyewe, papo hapo, kama gunia lililojaa likichanika. Vidole vinarudi joto. Kwa kuwa ngozi hiyo imekufa, maumivu si makubwa kama familia inavyofikiri, ingawa dawa ya maumivu hutolewa, na damu inayotoka inazuiwa. Familia inayoona mtoto aliyeungua anachanjwa tena kwa kisu inaweza kukataa, ikidhani anaongezewa kidonda juu ya kidonda. Kukataa huko, au kuomba kwanza ruhusa ya baba mkubwa aliye kijijini, kunaweza kugharimu mkono. Wafanyakazi wa afya nao wana deni la kueleza kabla ya kushika kisu, kwa maneno ya nyumbani, siyo kwa Kifaransa cha darasani.

Wakati wa kusubiri usafiri, yapo mambo madogo ya kufanya. Pete, bangili, saa, shanga na kamba zozote zilizofungwa mkononi, kiunoni au shingoni zitolewe mara moja, kabla uvimbe haujaanza. Mkono ulioungua uinuliwe juu ya mto. Bandeji isikazwe.

Umbali ndio adui mkubwa hapa. Wakazi wa bonde la Ruzizi hawajasahau tarehe 2 Julai 2010, pale lori la mafuta lilipopinduka Sange, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Watu walikuja kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, wengine walikuwa karibu, kwenye chumba cha video, wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 230, wakiwemo wanawake na watoto wengi, na majeruhi wakapelekwa Uvira na Bukavu, kwa barabara na kwa ndege za helikopta za Umoja wa Mataifa. Moto wa petroli unashika nguo na kuzunguka mwili wote; ndio unaofanya eskari za kuzunguka. Goma ilikuwa imepata mkasa wa namna hiyo Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kuingia mjini, kituo cha mafuta kilipolipuka huku watu wakichota ndani yake. Tangu hapo malori yameendelea kupinduka na watu wameendelea kwenda na bidoni. Umaskini unaeleza jambo hilo, lakini moto hausikilizi maelezo.

Kusubiri ianguke, au kuiondoa

Tuseme mgonjwa amepita siku mbili za kwanza. Eskari iko pale, kavu, haina harufu. Kwa nini isiachwe ianguke yenyewe?

Kwa miaka mingi duniani kote ndivyo ilivyofanywa, na katika vituo vingi vya afya bado ndivyo. Eskari inaanguka baada ya wiki mbili, tatu au zaidi. Lakini kinachoiangusha ni bakteria. Wanajaa kwenye mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai, wanayeyusha nyuzi zinazoshikilia ngozi, na ganda linaachia. Kwa maneno mengine, kusubiri ianguke ni kusubiri ioze. Kama jeraha ni dogo, mwili unavumilia. Kama ni kubwa, bakteria hao hawabaki mpakani, wanaingia kwenye damu. Wagonjwa wengi wa moto wanaopita siku za kwanza na kufa baadaye, katika wiki ya pili au ya tatu, wanakufa kwa njia hii, na familia inasema alikuwa ameanza kupona.

Vidonge na sindano za antibiotiki peke yake havisaidii sana hapa. Dawa inasafiri na damu, na ndani ya eskari damu haiingii. Ndiyo maana wataalamu walitafuta dawa za kupaka. Ile krimu nyeupe inayotumika sana katika hospitali zetu, salfadiazini ya fedha, ilitangazwa mwaka 1968 na Charles Fox wa New York. Inazuia bakteria, lakini ina tabia moja inayowachanganya hata wauguzi: baada ya siku kadhaa inafanya utando wa njano, laini, unaofanana na ngozi mfu au usaha. Utando huo si eskari wala si uchafu wa kidonda. Unafutika kwa maji.

Dalili za kuogopa ni hizi: harufu mpya, rangi ya kijani kwenye bandeji, madoa meusi au ya zambarau yanayotokea mahali palipokuwa safi, ngozi ya pembeni kuwa nyekundu na moto, homa kali, au kinyume chake mwili kuwa baridi, mtoto kukataa kula na kulala ovyo. Eskari inayoanza kuachia mapema kuliko ilivyotazamiwa nayo si habari njema, maana yake chini kuna kazi ya bakteria. Na mtu asiibandue kwa mkono au kwa wembe nyumbani.

Aliyebadilisha mtazamo wa dunia ni mwanamke, Zora Janžekovič, daktari mpasuaji wa mji wa Maribor, Slovenia, wakati huo sehemu ya Yugoslavia. Katika miaka ya 1960 alichoka kuwaona watoto wakiteseka wiki kwa wiki kwa kubadilishiwa bandeji. Badala ya kusubiri, aliwapeleka chumba cha upasuaji katika siku za kwanza, akaikwangua ngozi iliyokufa tabaka kwa tabaka, nyembamba, mpaka aone vidoa vya damu vinavyochomoza, alama kwamba amefika kwenye ngozi hai. Hapo hapo akafunika kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe. Makala yake ya mwaka 1970 ilienea dunia nzima, na madaktari wakaenda Maribor kujionea.

Njia hiyo inahitaji mambo manne ambayo kwetu hayapatikani kwa urahisi mahali pamoja: mtaalamu wa kulaza usingizi, damu ya kuongeza kwa kuwa kukwangua kunamwaga damu nyingi, kisu maalumu cha kukata ngozi nyembamba, na umeme usiokatika. Ndiyo sababu katika hospitali nyingi za mashariki eskari kubwa inaondolewa kidogo kidogo, wakati wa kubadilisha bandeji, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya maumivu au ketamini. Si njia mbaya ikifanywa na mikono safi na bila kumtesa mtu. Ubaya uko pale inapofanywa bila dawa yoyote ya maumivu, mtoto ameshikwa na watu wanne.

Paipai, nanasi na asali

Katika eneo la Beni wakulima wamechanja mapaipai kwa miaka mingi ili kukusanya utomvu mweupe unaokaushwa na kuuzwa nje kwa jina la papaini. Unalainisha nyama na kusafisha bia. Anayefanya kazi hiyo anajua kwamba utomvu ukibaki kwenye mikono unaila ngozi. Nguvu hiyo hiyo ya kuyeyusha protini ndiyo iliyowavutia madaktari. Mwaka 1999, jarida la kimataifa la majeraha ya moto lilichapisha habari kutoka hospitali ya Royal Victoria ya Banjul, Gambia, ambako watoto walioungua walikuwa wakipakwa nyama ya paipai iliyopondwa, kila siku, chini ya bandeji. Ngozi mfu iliachia, na gharama ilikuwa ndogo.

Nanasi nalo lina kimeng'enya cha aina hiyo, bromelaini, kinachotoka kwenye shina. Dawa iliyotengenezwa kwayo, NexoBrid, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Inapakwa saa nne, kisha eskari inafutwa kama uji, na ngozi hai inaachwa bila kuguswa. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Mutwanga au Oicha, katikati ya mapaipai, unajiuliza kwa nini dawa ya shina la nanasi itoke mbali na kwa bei ambayo hospitali ya hapa haiwezi. Swali ni la haki. Lakini mzazi asiende shambani kuchanja paipai kwa ajili ya mtoto. Banjul ilikuwa hospitali, jeraha liliangaliwa kila siku na wauguzi. Na huko Marekani, mwaka 2008, serikali iliagiza dawa za kupaka zenye papaini zilizokuwa zikiuzwa bila kibali ziondolewe, baada ya baadhi ya wagonjwa kupata mzio mkali.

Asali ina ushahidi mzuri zaidi, ila kwa majeraha yasiyo na kina. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2015 ulionyesha kuwa majeraha hayo yanapona siku nne au tano mapema kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Hiyo ni asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ile ya chupa ya sokoni, iliyochanganywa na maji ya sukari, ni jambo lingine, na juu ya eskari nene haitafika popote.

Baada ya ganda

Eskari ikishaondoka panabaki nyama nyekundu. Kama haikufunikwa kwa ngozi ya kupandikiza, mwili unalifunga jeraha kwa njia unayoijua, kuvuta kingo zikaribiane. Mahali penye kiungo, kuvuta huko kunakunja. Kidevu kinashikana na kifua, kwapa linafungwa, vidole vinageuka ngumi. Mtoto anakua, kovu halikui naye. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza, hata kabla ya eskari kuondoka, kiungo kinatakiwa kulazwa kikiwa kimenyooka, kwa kipande cha ubao au plasta. Mtoto mwenyewe atapenda kukaa amekunja, kwa kuwa hivyo hakuumi sana. Asiachwe.

Na ale. Jeraha kubwa linakula mwili kutoka ndani. Mtoto anaweza kukonda vibaya akiwa hospitalini mbele ya macho ya mama. Maharagi, mayai, sambaza, karanga, uji wa sosoma, mara nyingi kwa siku kuliko kawaida. Katika hospitali zetu chakula kinaletwa na familia, na wiki ya tatu familia imechoka. Halafu kuna bili. Si siri kwamba wagonjwa waliopona wanazuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa, na hofu hiyo, kuliko ujinga, ndiyo inayowafanya wengi wabaki nyumbani na kigaga chao cheusi. Serikali imetangaza bure kwa akina mama wanaojifungua katika baadhi ya majimbo. Mtoto aliyeungua hajafikiriwa.

Mzazi ajue lini asisubiri. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Jeraha linalozidi viganja kumi vyake ni la hospitali yenye serumu, hata kama anaonekana ana nguvu. Hivyo hivyo jeraha lolote la uso, mikono, nyayo, viungo au sehemu za siri, la umeme, la kuzunguka, na lile lisilouma.

Mkifika, neno la kwanza la kumwambia muuguzi ni saa aliyoungua. Kwa hesabu inayojulikana zaidi, mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 20 anahitaji mililita 960 za serumu kwa siku, na nusu yake, 480, iwe imeingia katika saa 8 za kwanza. Saa hizo zinahesabiwa tangu sufuria ilipopinduka. Aliyetumia saa 5 barabarani amebakiwa na 3.